Midoli Niliyoivisha Shanga

Binti yangu ana duka la vitu vya watoto hapa Iringa, Miyomboni, si mbali na soko kuu. Anauza nguo za watoto, mabeseni ya kuogeshea, chupa za maziwa, na miaka hii ya karibuni ameongeza vitu vya kuchezea anavyoviagiza mwenyewe kutoka China. Mimi nakaa naye dukani. Kazi yangu ni hiyo hiyo ya kukaa. Mteja akiingia namkaribisha kiti, namwuliza kwao ni wapi, amezaa wangapi, wanaitwa nani, na binti yangu ndiye anayeuza. Shule niliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halinitoki. Ndiyo maana humu sitaandika jina la mtu hata mmoja. Nayajua yote, na wenye majina wanajijua.

Nianze na habari ya mizigo, maana bila hiyo aibu yangu haieleweki.

Binti yangu na wanawake wenzake wanachangia kontena. Kila mmoja analeta chake, mwingine vyombo, mwingine mapazia, wanajaza kontena moja linakuja kwa meli mpaka Dar es Salaam. Mara ya kwanza kuagiza vya kuchezea alileta midoli ya plastiki ngumu yenye macho ya kung'aa. Ilikuwa mizuri kweli. Siku mzigo ulipofika bandarini wakala wake wa forodha alimpigia simu, na mimi nilisikia yote kwa sababu binti yangu huweka simu kwa sauti kubwa.

"Dada, mzigo wako hauna cheti cha ubora cha kule ulikotoka."

"Kwani ni nguo? Ni chakula? Ni midoli tu."

"Ya watoto ndiyo wanayoiangalia zaidi, dada. Watachukua mmoja waupeleke maabara. Wewe tulia."

Akatulia, na ghala la bandari likawa linahesabu ada ya kila siku. Majibu yalipotoka tukaambiwa jicho la mdoli limevutwa na mashine likatoka, na mtoto angelimeza. Mzigo wote ukateketezwa, na gharama ya kuuteketeza akalipa mwenyewe mwenye mzigo. Binti yangu alikaa ndani wiki nzima hataki kufungua duka. Mimi nikawa nawaambia majirani anaumwa tumbo.

Akajifunza. Safari ya pili aliagiza midoli laini ya kitambaa, macho na mdomo vimedariziwa kwa uzi, haina kifungo, haina utepe, haina kitu cha kubanduka. Cheti kilitangulia kabla ya meli. Kila mdoli ulishonewa ubavuni kitambaa kidogo cha maandishi kinachosema umetengenezwa wapi na unamfaa mtoto wa umri gani. Mzigo ukapita bandarini bila maneno. Siku tuliyofungua maboksi alinipa mmoja akasema, "Vuta, mama. Vuta popote unapotaka." Nikavuta masikio, nikavuta nywele, nikavuta mikono kwa nguvu zangu zote. Hakuna kilichotoka. Akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi.

Sasa mimi, kila nikiitazama ile midoli pale rafuni, naona kama imepungukiwa.

Kwetu mtoto wa kike akizaliwa, bibi yake humfunga shanga kiunoni. Mimi nilifungwa, nikawafunga wanangu, nikawafunga wajukuu. Wapo wanaosema zinamtengeneza mtoto kiuno. Mama yangu alisema ni za kumpimia, zikilegea ujue amekonda, zikibana ujue maziwa yanamkubali. Mtoto wa kike akiogeshwa mbele za watu hana shanga, wataulizana kama huyu hana bibi. Na ile midoli ilikuwa imekaa pale kwa safu, mitupu, kama watoto waliozaliwa hospitali akakosekana mtu wa kuwaendea.

Nikaenda sokoni kwa yule mzee anayeuza shanga kwenye makopo, nikanunua nyekundu, nyeupe na za buluu. Nikauvisha mmoja, mizunguko miwili kiunoni, nikauweka mbele. Mteja wa kwanza aliyeingia aliruka midoli yote akachukua huo. Wa pili akauliza, "Ule wenye shanga mnao mwingine?" Binti yangu wakati huo alikuwa amesafiri kwenda Dar kufuata nguo. Nikakaa na sindano yangu. Kile kitambaa cha maandishi cha ubavuni kilikuwa kinanizuia kufunga vizuri, kinachomoza kwa chini, nikawa nakikata kwa mkasi. Uzi nilitumia wa cherehani. Mtoto wa mtu ningemfungia uzi wa mshipi, ule usiokatika, lakini huu ulikuwa mdoli tu.

Binti yangu aliporudi alikuta rafu imepungua nusu. Aliushika mmoja, akaugeuza, akatazama pale palipokuwa na kitambaa, akataka kusema neno. Papo hapo akaingia mama mmoja na kuomba miwili. Neno lile hakulisema, na mimi sikumwuliza. Nilikuwa nimefurahi mno. Watu walikuwa wanaiita midoli ya bibi.

Halafu akaja yule binti wa viwango, mkaguzi wa serikali.

Yeye na wenzake walikuwa wametoka ofisi ya kanda, Mbeya, wanapita duka hadi duka. Aliyeingia kwetu alikuwa binti mdogo tu, amevaa koti la kazi, amenisalimia kwa adabu, "Shikamoo, bibi," mpaka nikampa kiti. Akaomba vyeti vya mzigo, akasoma, akasema viko sawa. Akashusha mdoli mmoja rafuni. Akautafuta ubavuni, akautafuta mgongoni.

"Maandishi yake yako wapi?"

Binti yangu akatazama meza.

Yule binti akafungua begi lake akatoa kidude cha plastiki kinachoangaza, kama kikopo kidogo kisicho na mfuniko. Mimi kwa uchokozi wangu nikamwuliza, "Hicho cha kupimia ugoro, mwanangu?"

Akacheka. "Hapana, bibi. Upana wa hiki ni kama koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kitu kikizama humu chote, mtoto huyo hapewi."

Akavuta shanga kwa vidole viwili. Hakuvuta hata kwa nguvu. Uzi wangu ukakatika, punje zikaanguka ndani ya kile kidude zikatua chini, na nilizisikia zilivyolia. Akachukua punje moja nyekundu, akailoweka kwa maji ya chupa yake, akaisugua kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikawa nyekundu.

"Na rangi hii hatuijui," akasema. "Zipo rangi zina madini ya risasi, mtoto akizinyonya zinamdumaza. Kiwandani waliileta hivi?"

Akanitazama, na mimi nilikuwa na mdoli mwingine mapajani na sindano mkononi. Hakurudia swali.

"Kazi nzuri, bibi," akasema taratibu. "Ila mdoli uliopimwa ukaruhusiwa kuingia nchini si huu. Huu ni mwingine, na huu mwingine hakuna aliyeupima."

Akaagiza tusiuze tena hata mmoja. Iliyobaki na iliyouzwa yote ikusanywe, ipelekwe ofisini kwao Mbeya ikateketezwe. "Msichelewe," akasema. "Mimi siogopi karatasi, naogopa mtoto mmoja ameze punje moja." Akamwuliza binti yangu kama kuna mahali wameandika wanunuzi. Hakuna. Mtu akinunua anaondoka zake.

"Nawajua wote," nikasema.

Binti yangu alinigeukia, na ningependa kusema alifurahi. Ningekuwa mtu wa kusahau, tungebandika tangazo mlangoni mambo yakaishia hapo. Sasa kwa sababu nawajua wote na nyumba zao, ilibidi niende kwa wote.

Asubuhi yake nilipokuwa nafunga kitenge, binti yangu akanifuata mlangoni.

"Mama, usiwaambie ni shanga zako. Sema kiwandani walikosea. Watu wakijua tunaongeza vitu wenyewe, hawatanunua kwetu hata soksi."

"Niwasingizie watu wasiokuwepo?"

"Wako mbali, mama. Hawatasikia."

Nikaona ni kweli hawatasikia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa Kiislamu, jirani na duka, watu wao walitoka pwani zamani kwa biashara. Ana mdomo mtamu huyo mama, ukipita kwake hukosi cha kucheka.

"Karibu, bibi. Leo umetuletea nini?"

"Leo sikuleta. Nimekuja kuchukua."

"Haya makubwa. Wageni wengine huja mikono mitupu, wewe waja na mfuko mtupu."

Nikamweleza. Nikasema kiwandani wamekosea, shanga zinatoka, mtoto anaweza kumeza.

"Wachina hawa," akasema. "Juzi nimenunua kandambili, nimefika mlangoni kwangu na mguu mmoja."

"Hawajali watu," nikasema mimi.

"Hawajali kabisa. Wao watoto wao hawawapi vitu hivi."

"Wawape wapi."

Akaleta mdoli, akawa anaugeuzageuza. "Lakini bibi, shanga hizi mbona kama zile za mzee wa sokoni?"

"Siku hizi wanaiga kila kitu," nikasema.

Akanirudishia, na pesa ya kumrudishia aliyonipa binti yangu hakuitaka, akasema nimemwokolea mtoto. Nilitoka pale nikatembea mpaka kona ndipo nikakumbuka sikuaga.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Mlandege, Kitwiru, Mwangata. Uongo ule haukunipa shida hata mahali pamoja. Laiti watu wangebisha. Kila nyumba walikuwa tayari wanaujua kabla sijaumaliza, wananisaidia kuusema. Mahali pengine mtoto aling'ang'ania mdoli wake, tukavutana, mimi na umri wangu, mpaka mama yake akamchapa mkono. Kihesa, kwa muuguzi mmoja mstaafu, ndipo peke yake palipokuwa pagumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaushika mdoli, akalitazama lile fundo nililofunga kwa nyuma, la mkia wa kuku, kama tunavyofunga sisi. Alichukua mkasi akakata uzi, akazimimina shanga zote kiganjani mwangu, akanifumba vidole. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilikataa.

Mwisho ikarudi yote, ukitoa mmoja.

"Mmoja tu," binti yangu akasema. "Tuwaambie ulipotea, mama. Vitu hupotea."

"Haujapotea. Najua uliko."

Ulikuwa kwa binti mmoja Msukuma, wazazi wake walishuka na ng'ombe zamani kuja Usangu, naye akaolewa huko huko, ndani ya Chimala. Mumewe alikuwa ameleta mchele Iringa kwa lori, lori likaharibika, na mke akashinda dukani kwetu anasubiri na mtoto mgongoni. Tulizungumza kutwa. Mimi nashona, yeye ananishikia uzi na kunihesabia rangi, nyekundu, nyeupe, buluu. Jioni nilimwuzia mdoli niliokuwa nimeumaliza mbele yake. Namba ya simu sikuichukua. Kwao alinieleza kwa maneno, ukifika Chimala ulizia mashine fulani ya kukoboa mpunga, kuanzia hapo utaonyeshwa.

Kwa kuwa midoli ilitakiwa Mbeya kwa vyovyote, nikasema nitaipeleka mwenyewe na Chimala nitateremka njiani. Binti yangu alinifungia ile midoli kwenye mfuko mkubwa wa salfeti. Nikapanda basi la asubuhi. Mafinga kulikuwa na baridi ya kukata mikono, Makambako mvua, tulipoteremka kwenye tambarare za Usangu nikaanza kuvua khanga moja moja kwa joto. Chimala nikachukua bodaboda. Miguu ya midoli ilikuwa inachomoza mfukoni.

"Bibi, umebeba watoto wangapi humo?" kijana wa bodaboda akaniuliza.

"Endesha, mjukuu wangu."

Yule mama aliniona tangu mbali. Alikimbia kunipokea, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, "Mwangaluka, bibi," kama wanavyosalimia kwao. Akanishika mikono yote miwili. Alikuwa ameshamhadithia kila mtu habari zangu. Jirani yake alipochungulia aliambiwa, "Ndiye yule bibi wa Iringa niliyekuwa nakwambia, amekuja kumwona mtoto." Nikaacha iwe hivyo.

Ndani, mdoli ulikuwa umetundikwa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni, safi, haujaguswa. Mzuri mno wa kuchezea, akasema. Nikautazama kiunoni, hauna shanga. Nikashusha pumzi. Nikajisemea, Mungu amenisaidia, zilishakatika zikafagiliwa.

Halafu mtoto akaingia mbio kutoka uani, hana nguo, shanga amezivaa yeye.

"Umeona, bibi?" mama yake akasema. "Bibi zake wote wawili wako Shinyanga, mama yangu alirudi kwao kabla huyu hajazaliwa, hawajawahi kumshika. Nikasema aliyetengeneza hizi si bibi? Nikazitoa kwa mdoli nikamfunga yeye. Ile mizunguko yako miwili imemtosha mmoja, kama ulimpima."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini kwetu mgeni hasemi kilichomleta kabla hajala, na mtu aliyepigiwa magoti hafungui kinywa kudai. Na zaidi ya yote nilikuwa na yale maneno ya kiwandani, niliyoyazoea, na kwa huyu yalikuwa hayafai. Alinishikia uzi kwa mikono yake. Nikajiambia nitasema tukishakula.

Nikamwona kuku akikimbizwa. Nikamwona akichinjwa. Nikaletewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nitafune wakati nasubiri, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mtoto alikaa karibu na miguu yangu. Alikuwa na tabia ya kuingiza kidole kwenye shanga na kuzivuta mbele kisha kuziachia, zikirudi zinampiga tumboni anacheka. Kila akivuta, mimi nilijua uzi ule ni wa aina gani. Nikawa nautazama, natafuna michembe.

Chakula kikaja. Tukanawa. Mama yake alikuwa ananimegea minofu ya kuku ananiwekea upande wangu, ananihadithia habari za mpunga na mifereji, mara uzi ukakatika. Punje zikatawanyika sakafuni.

"Ah, umeziharibu za bibi," mama akamwambia, akainuka kutafuta kikombe cha kuziwekea.

Mtoto akainama akawa anaziokota. Moja, nyingine. Niliona mkono wake ukienda mdomoni na bado nilikuwa na tonge mkononi, sijui niliweke wapi. Kisha akanyamaza. Hakukohoa wala hakulia, alinitazama tu macho yametoka, na mdomo umebadilika rangi. Nikamnyakua, nikamlaza kifudifudi mapajani kichwa kikiwa chini, nikampiga mgongoni kwa kiganja kama tulivyokuwa tukifanya kwa watoto wetu. Nikampiga tena. Punje ikatoka na mate mekundu. Mama yake akapiga yowe akidhani ni damu. Ilikuwa ile rangi.

Mtoto akalia. Sijawahi kupenda kilio kama kile.

Yule mama alimkumbatia, akanikumbatia na mimi, analia. Jirani akaja. "Mungu ndiye amemleta huyu bibi leo," mama akamwambia. "Kama si yeye, ningekuwa natafuta kikombe mtoto anaisha." Jirani naye akanishika mkono akaniambia asante, bibi, asante sana. Walinishukuru wote wawili. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chao, mikono inanuka mchuzi wa kuku wao, nashukuriwa.

Na ningeweza kuondoka hivyo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nililifikiria. Shanga zimeshakatika, ningemwambia azitupe, ningeomba mdoli kwa maneno mengine, ningepanda basi nikiwa bibi aliyeletwa na Mungu.

Jirani alipoondoka nikamwambia, "Mwanangu, mimi sikuja kumwona mtoto. Nimekuja kuzifuata hizo shanga."

Nikamwambia yote. Habari ya binti wa viwango na kile kidude chake kilicho sawa na koo la mtoto, na ile karatasi iliyogeuka nyekundu. Nikamwambia mdoli ulitoka kiwandani salama na mimi ndiye niliyeuwekea kitu cha kuua, na uzi wa cherehani, na nikakata maandishi. Nikamfungulia mfuko akaiona mingine.

Alisikiliza akiwa amempakata mtoto. Alipoanza kuzungumza hakupandisha sauti.

"Ulijua tangu ulipofika?"

"Nilijua tangu Iringa."

"Na kuku tumemchinja ukiangalia."

"Ndiyo."

"Na huyu amekaa hapa miguuni pako anazivuta."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa nini hukusema, bibi?"

"Niliona aibu."

"Ya nani?"

Jibu nimelitafuta baadaye, kitandani kwangu na njiani, na bado sina la kumpelekea.

Alimweka mtoto kitandani, akachukua fagio. Nikataka kumsaidia kuokota, akasema, "Kaa tu, bibi." Alifagia chumba chote, akasogeza mitungi, akafagia chini ya kitanda, akapapasa kwa mkono kwenye nyufa za sakafu. Akazikusanya kwenye karatasi, akaikunja, akanipa. Akauangua mdoli ukutani pamoja na mfuko wake wa nailoni, akauingiza juu ya wenzake. Mtoto alipouona unaingia mfukoni akaanza kuulilia, akinyoosha mikono. Mama yake hakumbembeleza. Alimfunga mgongoni, akajitwisha mfuko wangu kichwani, kwa sababu mgeni lazima asindikizwe.

Tulitembea mpaka barabara kuu. Yeye mbele, mimi nyuma, mtoto ananitazama kutoka mgongoni kwa mama yake na kamasi zake. Niliwaza kumwomba msamaha, lakini kila nilipopata maneno niliona kama nataka tena kupewa kitu. Tulipita mashine ya mpunga. Watu wakamsalimia, wakamwuliza mgeni wake ni nani. "Ni bibi kutoka Iringa," akawajibu, akanyamaza hapo.

Basi la Mbeya lilipoonekana alishusha mfuko akaushika mpaka likasimama.

"Hii huko Mbeya wanaifanyaje?"

"Wanaichoma."

Akatikisa kichwa, akamwangalia mtoto kwa kugeuza shingo.

"Mwambie binti yako akileta mzigo mwingine aniwekee mmoja," akasema. "Mume wangu akileta mchele atauchukua. Ila uwe ambao wewe hujaugusa, bibi."

"Nitamwambia," nikasema.

Akampa kondakta mfuko wangu kwa mikono miwili, akamwambia anitafutie kiti cha mbele, mimi ni mzee.